Msanii wa Goma afundishe wapi?

Alfred Liyolo alikuwa akisubu shaba na kufundisha katika Chuo cha Sanaa cha Kinshasa. Hadi anafariki mwaka 2019, hakuna aliyemtaka achague kati ya chaki na patasi. Nyuma yake palikuwa na shule iliyoasisiwa na Bruda Marc Wallenda mwaka 1943, yenye karakana, cheo na mshahara, hata kama mshahara wenyewe ulikuwa wa kusuasua.

Huku Goma mambo yamekwenda kinyume. Petna Ndaliko Katondolo, mtengeneza filamu, hakusubiri kuajiriwa na shule, alianzisha yake mwenyewe. Shule hiyo, Yole!Africa, ilizaliwa Kampala mwaka 2000, ikaletwa Goma mwaka 2002, mwaka uleule lava ya volkano ya Nyiragongo ilipofunika katikati ya mji. Vijana wamejifunza hapo kushika kamera, kuhariri, kupiga muziki na kucheza. Lakini chuo kikuu kilichompa Petna nafasi ya msanii mkaazi kiko Chapel Hill, North Carolina. Sioni ajabu kwamba Wamarekani walimwita. Ajabu ni kwamba sisi tumeuzoea mpango huo.

Wapo wanaosema ni heri hivyo: kufundisha kunamla msanii, na kusahihisha mitihani hakujamnolea mtu brashi. Kuna ukweli hapo. Nimewajua walimu wa sanaa ambao kazi yao ya mwisho ni ile waliyopatia diploma. Ila Gregory Maloba alikuwa mwalimu Makerere alipotengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962, na mnara huo ungali umesimama. Kinachommaliza msanii ni kufundisha vipindi vingi bila karakana, kisha kuwauzia wanafunzi silabasi ili apate nauli.

Hoja nzito zaidi inahusu nani atafundisha kama si chuo. Angalia karakana ya mchoraji wa mabango kule mtaa wa Birere. Mwanagenzi anapiga mistari ya penseli kwa rula, anajaza herufi kwa rangi ya mafuta, kisha anachora mama anayenawa mikono. Bwana wake anakagua kama jina la shirika limeandikwa sawasawa. Hakuna anayemwuliza mbona vidole vya yule mama vinafanana na karoti, kwa kuwa mteja hakulipia vidole. Hivyo ndivyo Ebola, kipindupindu na amani vilivyochorwa hapa miaka yote hii: ujumbe unakuja tayari, mchoraji anatia rangi. Chérie Rivers Ndaliko aliukosoa mfumo huo katika kitabu chake Necessary Noise cha mwaka 2016, akionyesha jinsi fedha za misaada zinavyoipinda sanaa ya mashariki ya Kongo. Darasani kazi inaweza kuchambuliwa bila ankara mezani. Mji wetu umekosa mahali kama hapo kuliko ulivyokosa rangi.

Kikwazo ni karatasi. Katika vyuo vikuu vya Kongo huwi profesa bila udaktari, hata uwe umetoa filamu kumi zilizozunguka dunia. Sheria hiyo inafaa kwa kemia. Kwa uchongaji ni upofu.

Nitaambiwa huu si wakati wake. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafungwa, na walimu wenye vyeo vyao wakahangaika kupata mishahara. Sibishi. Lakini ninachoomba hakihitaji jengo jipya wala bajeti ya Kinshasa. Marekta wa vyuo vikuu vya hapa Goma, Unigom na ULPGL, watoe chumba kimoja na ufunguo wake, wamlipe msanii kwa saa anazofundisha, na kazi alizokwisha kuonyesha hadharani zihesabiwe kuwa sifa yake ya kufundisha. Kisha alama za somo hilo ziingie kwenye relevé, yaani karatasi ya matokeo, ya mwanafunzi kama za somo lingine lolote.