Kihenge Kikichomwa



Hapa Tunduma malori ya kwenda Lubumbashi hupanga foleni usiku na mchana, na mtu huvuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kununua kitu akarudi chai yake haijapoa. Mpaka huu uliwahi kuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yaliuvuka yakitokea Rhodesia Kaskazini. Miaka miwili baadaye, kikosi cha Wajerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck kilipita Mbozi kikielekea Fife, ng'ambo tu ya hapa.

Toleo hili linauliza kama sheria za vita husaidia amani kudumu. Wapo wanaosema kuvitia vita adabu ni kuvirefusha: makali yakipungua, nani atakuwa na haraka ya kuvimaliza? Hoja hiyo ina uzito, lakini yaliyotokea kwetu yananifanya niikatae.

Lettow-Vorbeck alipigana zaidi ya miaka minne, meli za Waingereza zikiwa zimemfungia bahari. Aliwezaje? Jeshi lake lilikula nafaka na ng'ombe wa wanavijiji. Majeshi yaliyomfukuza nayo yalikula. Mkataba wa The Hague wa 1907 ulikuwa umekataza uporaji, na dola zote mbili zilikuwa zimeusaini, lakini mkulima wa Kiafrika hakuhesabiwa ndani yake. Jeshi linalolazimika kulipia kila debe la ulezi huchoka mapema. Kilichovirefusha vita vile ni kihenge kisicho na mlinzi.

Wapagazi nao hawakuhesabiwa. Waingereza peke yao waliandikisha karibu milioni 1, na kwa hesabu zao wenyewe walikufa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, tunakokwenda kununua nguo. Huko Ugogo, njaa iliyoitwa Mtunya ilianza 1917 ikaendelea hata baada ya bunduki kunyamaza, maana chakula kilikuwa kimechukuliwa pamoja na vijana wa kulima. Kisha mafua ya 1918 yakaikuta miili iliyokwisha kudhoofika.

Ndiyo maana, katika sheria zote za vita, ninayoithamini kuliko nyingine ni ile ya Itifaki ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inayokataza kuwaua raia kwa njaa na kuharibu mazao, mifugo na visima vyao. Haimzuii jenerali kuanzisha vita. Inachofanya ni kumbakizia mkulima mbegu, na kijana mwenye shamba la kurudia ni vigumu kumvuta msituni. Tazameni Kivu, ambako watu wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena, mashamba yakigeuka pori. Hapo hata makubaliano yaliyoandikwa vizuri hayana pa kusimama.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kwa heshima, maofisa wa Kijerumani waliachiwa silaha zao. Kwetu huo ni mwezi ambao mvua za kupandia huanza, na katika vijiji ambavyo majeshi yalikuwa yamepita watu walishika majembe wakaanza kuulizana nani amebakiwa na mbegu.