Nagasaki: Tusimsingizie Mungu Wingu la Agosti



Kila tarehe 6 Februari tunamkumbuka Mtakatifu Paulo Miki na wenzake wafiadini. Padre anavaa nyekundu, tunasikia kwamba walisulubiwa Nagasaki, Misa inakwisha, nasi tunakwenda kunywa uji. Mji wenyewe wengi wetu hatuujui. Naomba leo tuutazame kwa makini, milima yake, mvua yake na watu wake, kwa sababu una somo kwa sisi tunaojiandaa kuhubiri na kwenu waamini mnaotusikiliza. Somo lenyewe ni hili: tusiwe wepesi wa kusema "ni mapenzi ya Mungu" mbele ya jeneza.

Nagasaki uko magharibi mwa kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani. Ni mji wa kadiri, wenye watu wapatao laki nne. Bahari imeingia nchi kavu kama kidole kirefu chembamba, na milima imeuzunguka mji pande tatu. Tambarare ni ndogo, hivyo nyumba zimepanda miteremko, na njia nyingi za mitaani ni ngazi. Mito miwili inashuka baharini: Urakami kutoka kaskazini na Nakashima kutoka mashariki. Katikati ya mabonde hayo mawili umesimama mlima Konpira, wenye urefu wa mita 366. Tuukumbuke mlima huo, maana tutaurudia.

Januari wastani wa joto ni kama nyuzi 7, Agosti ni kama nyuzi 28. Mvua kubwa hunyesha Juni na Julai, na katika mji wa miteremko mvua ni jambo la kuogopwa. Tarehe 23 Julai 1982 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu wengi usiku mmoja. Waliokufa na kupotea katika mkoa huo walikuwa 299.

Bandari ya Nagasaki ilifunguliwa kwa biashara ya Wareno mwaka 1571. Mwaka 1580 mtawala wa eneo hilo, Omura Sumitada, aliyekuwa amebatizwa, aliukabidhi mji kwa Wajesuiti. Lakini upepo uligeuka. Tarehe 5 Februari 1597 Wakristo 26, sita wamisionari wa kigeni na ishirini Wajapani, walisulubiwa kwenye kilima cha Nishizaka. Mwaka 1614 dini ilipigwa marufuku nchi nzima. Wakazi walilazimishwa kukanyaga sanamu ya Kristo au ya Bikira Maria kuthibitisha kwamba wao si Wakristo. Kufikia katikati ya karne ya 17 hakuna padre aliyebaki.

Hata hivyo, katika bonde la Urakami, visiwani na vijiji vya pembezoni, walei waliendelea. Mmoja alitunza kalenda ya sikukuu, mwingine alibatiza, mwingine alipeleka habari nyumba kwa nyumba. Vizazi saba viliishi hivyo bila Ekaristi. Tarehe 17 Machi 1865 kikundi kutoka Urakami kilifika katika kanisa jipya la Oura, kikamnong'oneza Padre Bernard Petitjean kwamba moyo wao na wake ni mmoja, kisha kikauliza ilipo sanamu ya Bikira Maria. Malipo ya ujasiri huo yalikuwa machungu. Kuanzia mwaka 1867 watu wa Urakami walikamatwa. Zaidi ya 3,000 walipelekwa uhamishoni na zaidi ya 600 walifia huko. Marufuku iliondolewa mwaka 1873. Waliorudi walinunua kiwanja cha yule mkuu wa kijiji ambako walikuwa wakilazimishwa kukanyaga sanamu, wakajenga Kanisa Kuu la Urakami. Lilikamilika mwaka 1914.

Sasa tufike tarehe 9 Agosti 1945. Ndege ya Marekani iliyobeba bomu la atomiki haikutumwa kwanza Nagasaki. Ilitumwa Kokura, kaskazini mwa Kyushu. Ilizunguka juu ya Kokura mara tatu, lakini wingu na moshi viliufunika mji. Mafuta yakipungua, rubani aligeukia Nagasaki, mji wenye viwanda vya meli na silaha. Nako kulikuwa na wingu. Lilipofunguka kidogo, bomu liliachwa, likalipuka saa 5 na dakika 2 asubuhi. Halikulipukia katikati ya mji kama ilivyopangwa, bali juu ya bonde la Urakami, mita 500 hivi kutoka kanisa kuu. Ndani, mapadre wawili walikuwa wakiungamisha waamini waliojiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Hakuna aliyepona. Kati ya Wakatoliki 12,000 hivi wa Urakami, wapatao 8,500 walikufa. Mji mzima ulipoteza watu kama 74,000 hadi mwisho wa mwaka huo.

Mlima Konpira uliukinga mji wa zamani. Kanisa la Oura lilipata madhara lakini lilibaki limesimama. Monasteri aliyoianzisha Mtakatifu Maksimiliani Kolbe mwanzoni mwa miaka ya 1930, upande wa pili wa milima, ilinusurika. Wengi husimulia habari ya monasteri hiyo kama muujiza: Mungu alimwongoza mtakatifu kuchagua mahali salama. Naelewa furaha ya simulizi hilo. Lakini tukisema mlima ulikuwa mkono wa Mungu kwa ajili ya monasteri, tutasema nini kuhusu wale waliokuwa wakiungama upande wa pili wa mlima huohuo?

Swali hili si langu. Lilizuka palepale kwenye majivu. Baadhi ya wenyeji walisema Urakami imeadhibiwa kwa kuiacha miungu ya wazee. Dkt. Nagai Takashi, Mkatoliki na daktari wa mionzi, aliisikia kauli hiyo ikiwaumiza wafiwa. Mkewe Midori alikufa nyumbani. Aliokota mifupa yake pamoja na rozari. Watoto wao wawili walipona kwa kuwa siku mbili kabla walikuwa wamepelekwa kwa bibi yao nyuma ya milima. Tarehe 23 Novemba 1945, katika Misa ya kuwaombea marehemu, Nagai alisema kinyume kabisa: Urakami haikuadhibiwa bali ilichaguliwa, kama mwanakondoo asiye na doa, sadaka ya kuteketezwa kwa dhambi za vita.

Maneno hayo yaliwafariji wengi, na mimi simhukumu Nagai. Alisema akiwa mjane, mgonjwa wa saratani ya damu, baada ya kuwahudumia majeruhi kwa wiki nyingi. Lakini wapo waliouliza, nami nauliza: kama Mungu ndiye aliyechagua, walioamua kuanzisha vita na walioamua kuangusha bomu wanajibu nini? Februari 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II alifika Hiroshima akasema wazi kwamba vita ni kazi ya binadamu. Siku iliyofuata aliadhimisha Misa Nagasaki, theluji ikimwangukia. Kwa baadhi ya manusura Wakatoliki, tamko hilo lilifungua midomo iliyokuwa imefungwa kwa miaka 36.

Ndugu zangu, katika misiba yetu tunasema "kazi ya Mungu haina makosa". Ni kweli, lakini je, kila kazi ni ya Mungu? Basi lililokimbizwa na dereva mlevi, mtaro ulioachwa bila kuzibuliwa hadi mvua ikafika, mama aliyecheleweshwa kufika hospitali: hizo ni kazi za nani? Baada ya mafuriko ya 1982 Wajapani hawakuishia kuomboleza. Mwaka uliofuata ilianzishwa tahadhari maalumu ya mvua kubwa ya ghafla. Wangesema tu kwamba Mungu amependa, nani angejisumbua?

Mwenye msiba akisema mwenyewe kwamba ameona mkono wa Mungu katika maumivu yake, tumsikilize kwa heshima. Huo ni msalaba wake. Sisi tusimwekee maneno hayo mdomoni. Tukae naye, tumwombee marehemu, tutangaze ufufuko, na penye uzembe au dhambi ya mtu tuwe na ujasiri wa kuitaja.

Krismasi ya mwaka 1945 watu wa Urakami walifukua kengele moja ya kanisa lao kutoka kwenye kifusi, wakaitundika, wakaipiga. Nyumba hazikuwepo, na wengi wa waliozoea kuisikia hawakuwepo. Waliipiga kwa sababu ilikuwa saa ya sala.