Bei ya Fidla Haitoki Masikioni

Hoja kwamba fidla za Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, huuzwa ghali kwa sababu ya sauti isiyo na kifani ina kasoro moja tu, nayo ni kwamba masikio hayaiungi mkono: mwaka 2012, nchini Ufaransa, wapigaji mahiri kumi waliovishwa miwani ya giza walijaribu fidla za kale na mpya, na sita wakachagua mpya. Tena "Lady Blunt", fidla ya Stradivari ya 1721 iliyouzwa mwaka 2011 kwa takriban dola milioni 15.9 za Marekani, husifiwa kwa kutopigwa sana. Sauti gani hiyo inayothaminiwa kwa kunyamaza? Kinacholipiwa ni jina la fundi, vanishi ya asili na nasaba, yaani mfululizo wa wamiliki uliothibitishwa, kwa kuwa lebo iliyobandikwa ndani haithibitishi kitu, viwanda vya Ulaya vikiwa vimebandika jina hilohilo kwenye maelfu ya fidla za kawaida. Wataalamu wakiivua fidla jina hilo, bei huporomoka siku hiyohiyo, nayo hulia vilevile.