Msafiri Atoe Hesabu

Msomaji mwema, kabla hatujafika Washington, na twende kwanza katika duka la mikate. Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi 32 kwenye mashindano ya muziki na drama, mwendo wa saa tano kwa basi. Shule ilinikabidhi masurufu ya safari: fedha za mafuta, za malazi na za chakula cha njiani. Tulirudi na kikombe. Tulipokewa langoni kwa vigelegele, mwalimu mkuu akanishika mkono mbele ya shule nzima, na picha yetu ikatundikwa ukutani ofisini. Jumatatu yake mhasibu aliniita. Alitaka stakabadhi ya mikate 16 niliyoinunua njiani kwa shilingi 800. Nilimwonyesha kikombe. Akajibu kwa upole kuwa kikombe ni kizuri sana, lakini yeye ameomba stakabadhi. Sikuwa nayo, na shilingi 800 zikatoka mfukoni mwangu.

Nilikasirika juma zima. Hasira ilipopoa nikatambua kwamba mtu yule hakunionea. Fedha zile hazikuwa zangu wala zake. Zilikuwa za wazazi, na wengine wao walikuwa wameuza kuku ili kuzipata. Aendaye safari kwa fedha za watu hurudi na mambo mawili: habari ya alikofika na hesabu ya alivyotumia. La kwanza halilipi deni la la pili. Nadai katika insha hii kwamba sheria iliyonibana mimi kwa mikate 16 yapaswa kumbana vile vile mkuu wa nchi kwa ndege nzima, na kwamba picha yake juu ya zulia jekundu si stakabadhi.

Mwezi wa Mei 2024 Rais William Ruto alifanya ziara rasmi ya kitaifa nchini Marekani. Heshima ya daraja hilo haikuwa imepewa kiongozi yeyote wa Afrika tangu mwaka 2008, alipokaribishwa John Kufuor wa Ghana. Joe Biden alimpokea kwa gwaride na kumwandalia karamu ya usiku, na picha zikafika nyumbani kabla ya karamu kwisha. Lakini Wakenya wengi walikuwa wakiitazama picha nyingine, ile ya ndege. Rais hakusafiri kwa ndege ya serikali, ile Fokker 70 iliyonunuliwa miaka ya 1990, enzi ya Rais Moi. Hakusafiri pia kwa ndege za Kenya Airways. Alisafiri kwa ndege ya fahari ya kukodi kutoka Falme za Kiarabu. Magazeti yakakisia gharama yake kuwa karibu shilingi milioni 200.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Fokker ile imezeeka, kampuni iliyoiunda ilifilisika mwaka 1996, na haikuundwa kwa kuvuka bahari kuu. Mtu mwenye busara angeweza kukubali kwamba ndege ikodiwe, iwapo angeonyeshwa bei na sababu kabla ya safari. Tatizo ni jinsi hesabu ilivyotujia. Rais alijibu kwanza kwamba safari hiyo ilikuwa rahisi kuliko kusafiri kwa Kenya Airways. Baada ya siku chache akaeleza kwamba wako marafiki waliosaidia, na kwamba gharama haikuzidi shilingi milioni 10. Basi tukawa na hesabu mbili: milioni 200 za magazeti na milioni 10 za mdomo. Kati yake kuna pengo la milioni 190, na hakuna karatasi iliyowekwa juu ya pengo hilo tuione. Sisemi ipi ni kweli. Nauliza kwa nini raia alazimishwe kuchagua baina ya uvumi na neno la mkubwa, kana kwamba hesabu ni jambo la imani.

Na hao marafiki ni akina nani? Swali hili si la umbeya. Kifungu cha 76 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chasema kwamba zawadi apewayo mtumishi wa taifa katika shughuli ya umma ni zawadi ya Jamhuri, nayo yapasa ikabidhiwe serikali. Maana yake ni kwamba fadhila aliyotendewa Rais akiwa safarini kwa niaba yetu tumetendewa sisi. Nani akubaliye kufadhiliwa mamilioni na mtu asiyemjua jina? Kila kijiji chajua kwamba atoaye bila kutaka atajwe, aghalabu ana siku yake ya kuja kudai.

Wakati wenyewe uliongeza uchungu. Mafuriko ya miezi ya Machi, Aprili na Mei mwaka huo yalikuwa yameua watu zaidi ya 200 nchini, na kufunguliwa kwa shule kulikuwa kumeahirishwa. Walimu wengi wa muda wa sekondari za chini walikuwa wamegoma wakidai ajira ya kudumu. Juu ya hayo, Bunge lilikuwa na Mswada wa Fedha ulioongeza kodi, na Rais alikwisha kubandikwa jina la Zakayo, mtoza ushuru. Mtu aliyeambiwa afunge mkanda ana haki ya kutazama kiuno cha anayemwambia.

Wapo watetezi wa safari hizi, nao hawakosi hoja. Husema mtembea bure si sawa na mkaa bure, kwamba nchi isiyobisha hodi kwa watu haifunguliwi, na kwamba Rais ndiye balozi wa kwanza wa taifa. Naikubali hoja hiyo, kisha naomba tuipime kwa matokeo yake. Tunda kubwa la ziara ya Washington lilikuwa Kenya kutajwa kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa cheo hicho. Biden aliitimiza ahadi hiyo tarehe 24 Juni 2024. Kesho yake, tarehe 25 Juni, polisi wa Kenya wapatao 400 walitua Port-au-Prince kwenda kurudisha amani nchini Haiti. Na siku hiyo hiyo, mjini Nairobi, vijana wenye hasira juu ya Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, na polisi wakawafyatulia risasi, watu wakafa. Tarehe 26 Rais alikataa kuutia sahihi mswada ule. Siku tatu, na sura tatu za nchi moja. Ugenini tulikuwa mshirika wa kutegemewa na mlinzi wa amani. Nyumbani tulikuwa tukiokota maiti.

Atatokea mtu aseme, basi dawa ni kiongozi kukaa nyumbani. Jirani zetu wa Tanzania wamezijaribu njia zote mbili, nasi twaweza kujifunza kwao.

Rais Jakaya Kikwete, aliyetawala tangu 2005 hata 2015 na ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 10, alisafiri sana, akalaumiwa sana kwa kusafiri. Wetu wa Kenya, magazeti yalipoanza kuzihesabu safari zake, alirithi lawama iliyokwisha kukomaa ng'ambo ya mpaka. Kikwete hakurudi mikono mitupu. Mwezi wa Februari 2008 nchi yake ilitia sahihi mkataba wa dola milioni 698 za Marekani kwa ajili ya barabara, umeme na maji. Nao, tafadhali kumbuka, ulitiwa sahihi Dar es Salaam, mgeni akiwa ni George W. Bush. Mkataba wa pili, wa dola milioni 472, ulikuwa njiani. Lakini mwezi wa Machi 2016 Wamarekani waliusimamisha. Sababu walizozitoa ni uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa na kurudiwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Tazama jinsi fadhila iliyotafutwa kwa miaka ya kupanda na kushuka ndege ilivyopotea kwa mambo yaliyotendwa nyumbani.

Wakati huo Tanzania ilikuwa na Rais mwingine. John Magufuli aliingia madarakani Novemba 2015, na miongoni mwa amri zake za kwanza ilikuwa kuzuia safari za nje za watumishi wa serikali zisizokuwa na kibali. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba alizifuta, akashika ufagio pamoja na watu. Sisi Wakenya tulimwonea gere jirani. Nakumbuka katika chumba cha walimu tulimsifu hadi chai ikapoa. Tulisahau kwamba ufagio nao ni picha. Rais yule yule asiyesafiri, katika mwaka 2017 pekee serikali yake iliyafungia kwa muda magazeti ya Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima. Matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge yalikuwa yamekwisha kukatwa tangu mwanzo wa 2016. Ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020. Nauli za ndege zilipungua, na hesabu zikapungua pamoja nazo. Kiongozi mkaa nyumbani asiyeulizwa hana tofauti kubwa na kiongozi msafiri asiyeulizwa. Labda ni vigumu zaidi kumshuku, maana ana vumbi viatuni.

Ndiyo maana nauogopa uso wa kiongozi kuliko safari zake. Waliozaliwa kabla yangu wataeleza jinsi taarifa ya habari ya redio ya taifa, enzi ya Moi, ilivyoanza kwa jina la Mtukufu Rais, hata kama alichofanya siku hiyo ni kwenda kanisani. Sura yake ilikuwa juu ya kila sarafu. Katiba ya 2010 ilitambua ubaya wa jambo hilo, ikakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa juu ya fedha zetu. Na noti mpya zilipotoka mwaka 2019, watu walikwenda mahakamani kwa sababu tu sanamu ya Mzee Kenyatta ilionekana mbele ya jengo la KICC. Watu wengine waliona ni ugomvi wa bure. Mimi niliona ni watu waliokumbuka.

Siku hizi sura hairudi kwa njia ya sarafu. Inarudi kwa simu ya mkononi: kiongozi akipanda ngazi, akigeuka kupunga mkono, kiongozi akishikana mikono na mkubwa mwenziwe, bendera mbili nyuma yao. Picha hizo hupigwa kwa ustadi na mafundi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Zinakuonyesha mikono iliyoshikana. Karatasi iliyotiwa sahihi mezani huioni, wala bei ya chumba alicholala mpiga picha mwenyewe. Naye raia akichora sura ya kiongozi kwa namna yake, huonekana amekosa adabu. Mwezi wa Desemba 2024 vijana kadhaa wa Kenya, na kati yao mchora vibonzo mmoja, walichukuliwa na watu wasiojitambulisha baada ya kueneza picha za kumkejeli Rais. Baadhi yao waliachiliwa Januari 2025. Zilikuwako picha za Rais akiwa jenezani, nami sikuzipenda. Baba yangu hangeniruhusu kumchorea hivyo hata adui. Lakini picha mbaya hujibiwa kwa neno, na ikivunja sheria hujibiwa mahakamani mchana, jina la mshtaki likijulikana.

Najua, msomaji, kwamba wewe u shuleni, na shuleni umefundishwa kuwaheshimu wakubwa. Endelea kuwaheshimu. Lakini usikubali kuambiwa kwamba kumwuliza mtu hesabu ni kumvunjia heshima. Mhasibu aliyenidai stakabadhi ya mikate aliniita Mwalimu tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho. Tuliyemtuma sokoni humwuliza chenji bila kumtukana. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutaja jumla ya fedha zilizotumika kwa safari za ndani na za nje, nalo ni jema. Ila jumla ni kapu lililofunikwa. Tunachodai ni safari moja moja: alikwenda wapi, na watu wangapi, kwa chombo gani, kwa bei gani, nani alilipa, na akaleta nini. Karatasi moja kwa kila safari ingetosha. Shule yangu inayo fomu ya namna hiyo; nitaitoa bure kwa anayeihitaji.

Iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Inampa kila raia ruhusa ya kuiandikia ofisi ya umma kuomba habari, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi yapaswa kujibu katika muda wa siku 21. Mwalimu wa Kiswahili angeomba nini zaidi? Muhula uliopita niliitumia sheria hiyo kuwafundisha vijana wa kidato cha tatu uandishi wa barua rasmi. Kila mmoja alichagua jambo lake. Wengi waliuliza habari za kisima na barabara. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma alitaka kuuliza habari za ndege ya Mei 2024. Aliandika anwani yake vizuri upande wa kulia, akaandika tarehe, kisha akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "anwani ya Ikulu ninayo. Lakini hawa marafiki waliolipa, nao nataka kuwapelekea nakala. Niandike sanduku la posta gani?"

Kengele ililia kabla sijamjibu. Barua yake bado i mezani kwangu, na nafasi ile ameiacha wazi.