Kutoka Kamituga hadi Omate: Kivu inahitaji vijana wanaojua kuunda vipimo vya magonjwa

Mtu akitokwa na vipele katika machimbo ya dhahabu ya Omate, wilayani Walikale, muganga wa kituo cha afya anaweza kushuku mpox. Jibu la uhakika liko mbali. Sampuli lazima isafiri hadi maabara, kwa barabara ambazo mvua na vita huzifunga mara kwa mara. Na hata ikifika, linabaki swali moja: je, kipimo kinachotumika kinakitambua kirusi kilichopo?

Swali hilo liliulizwa tayari Kamituga, Kivu Kusini, mji mwingine unaoishi kwa dhahabu. Jinsi lilivyojibiwa inaonyesha kile ambacho vyuo vikuu vyetu vinaweza kufanya, na kile kinachokosekana bado.

Kipimo kilichopitwa na kirusi

Mlipuko wa Kamituga ulianza kuonekana Septemba 2023. Katika miezi 5 ya kwanza, washukiwa 241 waliandikishwa, na 108 kati yao walithibitishwa na maabara. Wengi walikuwa vijana, na karibu 3 kati ya 10 walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Ugonjwa ulikuwa unafuata njia za wachimbaji na wateja wao.

Machi 2024, watafiti wakiongozwa na Leandre Murhula Masirika, wa kituo cha utafiti cha CRSN Lwiro, karibu na Bukavu, walichapisha jeni za virusi kutoka kwa wagonjwa 6 wa Kivu Kusini. Waligundua tawi jipya la kirusi, ambalo leo linaitwa clade Ib. Waligundua pia kwamba kipande cha jeni kinachotafutwa na kipimo kimoja cha PCR kilichozoeleka hakikuwepo tena katika kirusi hicho.

Hapo ndipo penye uzito. Kipimo cha PCR hufanya kazi kwa vipande vifupi sana vya DNA ambavyo binadamu amevipanga herufi kwa herufi, kisha vikatengenezwa kiwandani. Vipande hivyo hutafuta sehemu ya kirusi inayolingana navyo. Sehemu hiyo ikipotea, kipimo hakioni kitu. Vipimo vya jumla vya mpox viliendelea kufanya kazi, lakini kile cha kutofautisha aina ya kirusi kilidanganyika. Bila watu waliosoma jeni zenyewe, kosa hilo lingechelewa kujulikana.

Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Wakati huo tawi lililoonekana Kamituga lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka ya Kongo.

Walezi wapo

Kusoma jeni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika: kupanga DNA mpya ili itengeneze kipimo, chanjo au dawa. Elimu hiyo huitwa biolojia sintetiki. Kwa wanafunzi, uwanja wake mkubwa ni mashindano ya iGEM, yaliyozaliwa katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 2004 yalikuwa na timu 5. Leo ni mamia, na tangu 2022 fainali hufanyika Paris. Kila timu ina wanafunzi, profesa anayewajibika, na walezi waliokwisha kupita njia hiyo.

Walezi wa namna hiyo tunao. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyefika Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipolipuka, amelea kizazi kizima katika taasisi ya INRB. Mmoja wao, Placide Mbala, ni kati ya wanaoongoza kazi ya kusoma jeni za virusi nchini. Mwingine, Sabue Mulangu, ndiye jina la kwanza katika ripoti ya jaribio la dawa za Ebola lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia Novemba 2018.

Kati ya dawa hizo ilikuwemo mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kati ya waliopewa dawa hiyo, 35% walifariki, wakati ZMapp, dawa ya kulinganishia, ilifikia karibu 50%. Lakini tuseme ukweli: damu ilikuwa ya Mkongomani, wagonjwa walikuwa wetu, na kiwanda kiko ng'ambo. Sisi tulisoma, wengine wakaandika.

Kinachokosekana

Vita vimeongeza ugumu. Mapigano yalipofika Goma Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, ulionya kwamba maabara ya INRB mjini humo, yenye sampuli za Ebola, ilikuwa hatarini umeme ukikatika. Kutegemea Kinshasa au Ulaya kwa kila jibu ni kuwaacha watu wa Walikale na Masisi wangoje zaidi.

Timu ya wanafunzi haitamaliza tatizo hilo peke yake. Lakini hatua ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Jeni za virusi vya Kamituga zimechapishwa, na programu za kupanga vipande vya PCR zipo bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta, intaneti na mlezi anayejua kumsahihisha anaweza kubuni kipimo na kukagua kama kinalingana na kirusi cha leo, bila kugusa kirusi hai. Majaribio yenyewe yafanyike baadaye katika maabara yenye ulinzi, chini ya macho ya wakubwa.

Kuna faida nyingine. Wakati wa Ebola, Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na watu wengi waliamini kwamba ugonjwa umeletwa na wageni. Kijana wa hapa anayeweza kueleza kwa Kiswahili jinsi kipimo kilivyotengenezwa ana nafasi nzuri zaidi ya kusikilizwa machimboni.

Basi maswali yaelekezwe panapostahili. Vyuo vikuu vya Goma na Bukavu: ni nani atakayewapa wanafunzi wa biolojia saa za kazi na mlezi? Serikali na wafadhili: ni lini pesa za mlipuko zitaacha sehemu kwa ajili ya mafunzo baada ya mlipuko? Kirusi cha Kamituga kilibadilika bila kungoja. Kikifika Omate kingine kilichobadilika, muganga atahitaji kipimo kinachokitambua.