Kijana akienda London, auulize wakfu

Kiangazi hiki wapo watoto wetu watakaokwenda London kusoma sheria linganishi za mali, mikataba na mirathi kwa wiki chache. Ada yenyewe si ndogo. Basi wazazi tusiridhike na picha za Big Ben. Tuwaulize: wakfu mmefundishwa?

Maana ni huko huko London, mwaka 1894, katika kesi iliyotoka India, majaji wa Privy Council waliposema mtu akiwekea kizazi chake wakfu, na maskini wasipate mpaka kizazi kikatike, huo si wakfu. Waliupima kwa kibaba cha sadaka za Kiingereza. India ikatunga sheria mwaka 1913 kuurudisha. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilipowafikia kesi ya wakfu wa Mombasa, wakashikilia yale yale ya 1894!

Sasa, nyumba ngapi Mombasa na Unguja zina hati za namna hiyo, na wenyewe tuko Maskati na Dubai? Kijana aende na hati ya babu yake, amuonyeshe mwalimu. Nakala lakini, ya asili ibaki sandukuni.