Tamko kuhusu uponyaji wa majeraha ya kifamilia, Mutshatsha

Sisi, wanachama wa chama cha familia zinazokaa kandokando ya reli ya Kolwezi–Dilolo, tunatamka yafuatayo.

Machi 1977 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliingia kutoka Angola wakaiteka Mutshatsha. Aprili jeshi la Zaire, likisaidiwa na askari wa Moroko, likairudisha mikononi mwake. Wengi wakakimbilia Angola. Mei 1978 vita vikaifikia Kolwezi. Kisha, 1992 na 1993, majirani wenye asili ya Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wakafukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakingoja treni ya kwenda Kasai. Wengi wao walizaliwa hapa hapa, wana na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na kampuni ya mgodi ya Union Minière.

Mjukuu hakuiona treni ile. Lakini kama baba ni wa Kasai na mama ni Mlunda, amekua akifundishwa jina la kutaja barabarani na la kuficha, bila kuambiwa sababu. Nkambo, yaani babu au bibi, akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake si ugonjwa: mara nyingi ndiko kulikookoa nyumba.

“Uko mutu wa wapi?” Ndilo swali lililotumika kuamua nani abaki na nani apande treni. Mshauri nasaha anapoanza nalo, hata kwa nia njema, kijana hufunga mdomo. Tunataka liondolewe kwenye fomu ya siku ya kwanza ya ushauri. Asili yake ataitaja mwenyewe, siku atakayotaka, kwa Kiruund, Kichokwe au Kiswahili chetu, na mbele ya watu aliowachagua.

Kilio, yaani matanga, tayari kinatuonyesha njia: watu hukesha, na saa za usiku husemwa yasiyosemwa mchana. Wahudumu wa afya waje kujifunza hapo. Hatusemi kila cha mila ni dawa, la! Wapo wanaomtuhumu mtoto uchawi, kwa jina la mila au la maombi, wakamtoza mzazi pesa. Hao hatuwatambui kama waponyaji.

Sheria ya 26 Desemba 2022 ilianzisha FONAREV, mfuko wa kuwafidia waathirika. Tunaomba wasikilizaji wake wafike mpaka huku, na simulizi watakayopewa isiende kwa chama cha siasa wala kampuni ya mgodi bila ruhusa ya familia.

Tamko hili lisomwe kwanza kwa Kiswahili, kisha Kifaransa.